Diski Iliyokataa Kuandika

Mhasibu wa SACCOS moja kule Njombe alinipigia simu asubuhi ya siku ya malipo. "Mwanangu, komputa inafungua vitabu vyote, ila haikubali kuhifadhi hata shilingi moja." Nilipofika nilimkuta fundi mwenzangu amekwisha kaa kitini, anataka kuendesha fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, hapo hapo. Nilimwomba asubiri.

Kumbukumbu za keneli, kiini cha mfumo endeshi, zilieleza wazi. Diski ilishindwa kusoma sekta, yaani vipande vyake vidogo, zilizobeba sehemu ya ramani ya faili, na ext4, mfumo wa faili wa komputa ile, ikajigeuza kuwa ya kusomwa tu, kama Ubuntu, mfumo endeshi wake, ilivyoipanga iliposakinishwa. Mama yule aliona ugonjwa. Mimi niliona uaminifu. Mfumo wa faili usioiamini tena ramani yake ukiendelea kuandika, unaweza kufuta akiba za wanachama kwa mkono wake wenyewe.

SMART, ripoti ambayo diski hujitolea kuhusu afya yake, ilionyesha sekta kadhaa "zinazosubiri". Wengi hudhani diski ikikuta sekta mbovu huweka nyingine papo hapo. Hufanya hivyo wakati wa kuandika. Wakati wa kusoma haiwezi: hiyo mpya itaijaza nini, na yaliyokuwemo hayasomeki? Basi hurudisha hitilafu na kungoja sekta ile iandikwe upya, au isomeke siku moja. Na fsck kazi yake ni kurekebisha, yaani kuandika. Ndiyo maana nilimzuia mwenzangu.

Tuliiwasha komputa kwa flashi, nikaiachia ddrescue, programu ya kuokoa data, inakili kila kitu kwenye diski mpya. Huchota kwanza panaposomeka kwa urahisi, ikiandika ramani ya palipogoma, kisha hurudia vipande vile kidogo kidogo. Jioni vilibaki vichache visivyosomeka kabisa. Fsck niliiendesha hapo, juu ya nakala.

Kisha nikatumia debugfs, programu ya kuchungulia ndani ya mfumo wa faili, nijue faili zipi zimeguswa: kutoka namba ya bloku (kipande cha data) hadi inodi (rekodi ya faili), kutoka inodi hadi jina la faili. Leja ya wanachama ilikuwa salama. Iliyoumia ni rejesta ya stakabadhi za mwezi mmoja, na mama akafungua kabati, akatoa vitabu vya kaboni, akanisomea mistari iliyokosekana huku nikiiandika.

Diski ya zamani niliiandika sifuri tupu. Hesabu ya sekta zinazosubiri ikashuka, ya zilizohamishwa, yaani zilizowekewa mbadala, ikapanda. Mwenzangu akasema imepona, irudi kazini. Nilikataa.