Karafuu na mlangilangi bila kuangukia kwenye karnesheni

Mtunzi wa manukato anayejitegemea Zanzibar ana malighafi mbili za karibu: karafuu na mlangilangi. Ila ukizikutanisha, ukaongeza waridi na vanila, tayari ni harufu ya karnesheni, ua ambalo Wafaransa wamelitumia mno. Bellodgia, marashi ya kampuni ya Caron ya mwaka 1927, imejengwa juu yake. Mimi nilitaka karafuu iliyoanikwa jamvini: kavu, yenye ukuni ndani yake.

Nilianza kwa kuacha mafuta ya karafuu zenyewe nikachukua ya makonyo (vijiti vinavyoshika karafuu), yale yanayokenekwa, yaani kutolewa kwa mvuke, Wawi, Pemba. Ya karafuu yana asetati ya eujenoli zaidi, moja ya kemikali za harufu yake, ndiyo maana yana utamu kama wa matunda. Waridi na vanila nikaviondoa kabisa, pengo nikaliziba kwa vetiva, mafuta ya mizizi ya nyasi.

Fomula niliyobaki nayo, kwa uzani, katika sehemu 100: Hedione (kemikali ya harufu nyepesi ya yasmini) 25, Iso E Super (kemikali ya harufu ya mbao) 20, mlangilangi daraja la tatu 12 na daraja la ekstra 6, vetiva 12, benzili salisilati (kemikali ya harufu hafifu inayoshikilia nyingine) 10, makonyo 6, ndimu iliyokenekwa 6, labdanamu (utomvu mzito wa kichaka) 3. Mlangilangi nautumia wa madaraja mawili kwa sababu ekstra, yanayotoka mwanzo wa ukenekaji, yana ukali mtamu unaoivuta karafuu kurudi kwenye ua, wakati daraja la tatu ni zito, limeelekea kwenye mbao. Ndimu lazima iwe ya kukenekwa. Ya kukamuliwa huunguza ngozi juani, na kanuni za IFRA, shirika la kimataifa la watengeneza manukato, zinaiwekea kikomo cha 0.7% ya bidhaa inayobaki mwilini.

Majaribio yote nayafanya kwa miyeyusho ya 10%: gramu 1 ya mafuta, gramu 9 za spiriti ya 96%. Jaribio la gramu 10 linameza gramu 1 tu ya mafuta, na makonyo huingia gramu 0.60, kiasi ambacho mizani ya gramu 0.01 inakipima vizuri. Usihesabu matone. Tone la vetiva nzito na tone la ndimu hayalingani uzito, na fomula ya matone huwezi kuirudia. Napima kwanza vilivyo vizito, makonyo mwisho kabisa, kidogo kidogo, maana yakizidi hayapunguziki. Itakubidi uongeze kila kitu kingine.

Vyombo ni kioo. Mafuta ya makonyo hulainisha baadhi ya plastiki, na yakigusa chuma chenye kutu hugeuka rangi ya zambarau iliyoiva.

Mchanganyiko ukikubalika, gramu 15 kwa gramu 85 za spiriti, hivyo makonyo yanakuwa 0.9% ya marashi yaliyokamilika. Maji siongezi, spiriti inayo ya kutosha. Maji yakizidi, marashi yanaingia ukungu. Wiki nne mahali penye giza na ubaridi, siku mbili kwenye friji, kisha nachuja kwa karatasi ya kahawa marashi yakiwa bado baridi, kwa kuwa nta za labdanamu zikipata joto huyeyuka tena na kupita.

Ukanda wa karatasi wa kunusia hautoshi kuhukumu. Kwetu watu hujifukiza udi kabla ya kujipaka, kwa hiyo nafukiza kipande cha kitambaa cha pamba nyeupe, napulizia marashi kwenye mkono wa mtu mwingine na kwenye kitambaa hicho, nanusa baada ya dakika 10, saa moja, na kesho yake asubuhi. Moshi wa udi huzidisha ukavu wa karafuu, na hapo ndipo niliposhusha makonyo kutoka 8 hadi 6. Kitambaa hichohicho kinaonyesha kama labdanamu itaacha doa kwenye kanzu. Ikizidi 3, rangi ya kahawia inaonekana.

Kila shehena mpya ya mlangilangi nainusa kando ya ile ya zamani, na namba yake naiandika daftarini pamoja na namba ya chupa zilizotoka humo. Ikija tamu kupita kiasi, nahamisha sehemu 1 au 2 kutoka ekstra kwenda daraja la tatu, jumla ikibaki 18.