Nimechonga msonobari kwa leza hapa Mbeya

Mwenye vipande vya mbao nyumbani asivitupe jamani. Kuna karakana ya jamii hapa mjini iliyoungana na mgahawa: unaagiza kahawa ya Mbozi, mashine ziko upande wa pili wa ukuta. Nimekwenda kujaribu kuchonga kwa leza na furaha bado haijaniisha.

Unachora kwenye kompyuta, kisha leza, yaani mwali mwembamba wa mwanga wenye nguvu, inaunguza mbao mstari kwa mstari. Mwali wenyewe huuoni, maana leza ya kaboni dioksidi ina urefu wa wimbi wa mikromita 10.6, mbali na uwezo wa jicho. Ukipunguza kasi, unazama zaidi.

Kilichonishika hasa ni msonobari, huu huu wa kwetu nyanda za juu, kama ule wa Sao Hill. Miduara yake ya ukuaji haifanani. Sehemu laini yenye rangi nyepesi inaungua kwa kina, ile ngumu ya rangi iliyokolea inakataa. Jina la mama nililochonga limetoka na milia yake, kama kitenge. Dada anayesimamia mashine anasema wateja wengi wanapenda mbao ya rangi moja. Mimi naona milia ndiyo uzuri wenyewe!

Ila msipeleke plastiki ya PVC. Ikiungua inatoa gesi yenye klorini, inaumiza mapafu na kula vyuma vya mashine. Akriliki, ile plastiki ngumu inayofanana na kioo, haina shida.

Maseremala wa Soweto na Mwanjelwa, nendeni mkaone. Vibao vya milango, masinia, hata nembo ya duka lako, vyote vinawezekana.