Maonyesho Mawili ya Mwisho ya Igizo la Reli

Taarifa kwamba igizo la reli lingefungwa ilitufikia mashabiki wa Mbeya katikati ya baridi ya Julai, wakati ambapo ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka juu ya mlima Loleza na watu hutembea wamejikunyata ndani ya makoti. Igizo hilo lina jina lake rasmi, lakini sisi tuliolipenda hatukuliita kwa jina jingine zaidi ya hilo. Kundi lililolitunga, ambalo wengi wa waimbaji wake wamelelewa katika kwaya za makanisa, lilikuwa limezunguka nalo kwa miaka katika kumbi za Mbeya, Makambako, Njombe, Mafinga na Iringa, na sasa lilikuwa limetangaza kwamba gharama za kusafirisha watu, vyombo na maleba zimelizidi nguvu, na kwamba mwimbaji wake mkuu anaondoka kwenda masomoni. Yalikuwa yamebaki maonyesho mawili, Mafinga siku ya Jumamosi na Iringa siku ya Jumapili, nami nikaamua kuyafuata yote mawili.

Niliondoka stendi ya Nane Nane alfajiri. Muda si mrefu tulikuwa tumeipita Uyole, na kwa mtu anayekwenda kutazama igizo lile hapo si mahali pa kupita akiwa amelala, kwa sababu ni katika eneo hilo ambapo reli ya TAZARA hufikia kimo chake kikubwa kuliko kote, karibu mita 1,790 juu ya usawa wa bahari, katika safari yake ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Igizo lilihusu ujenzi wa reli hiyo, ulioanza mwaka 1970 na kukamilika mwaka 1975, lakini halikusimulia habari za marais na mikataba. Lilisimulia habari za kambi ya vibarua katika kipande kigumu kati ya Mlimba na Makambako, ambako njia hupanda kutoka bonde la Kilombero kuja nyanda za juu kwa mahandaki na madaraja mengi. Kijana wa Kibena anayeandikishwa kazi ya kubeba mataruma yanayolaziwa reli, binti anayewauzia vibarua chakula, na fundi wa Kichina anayejifunza Kiswahili kupitia nyimbo za kazi: hao watatu ndio walioubeba mchezo mzima.

Chimala alipanda mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekuwa ameteremka kutoka Matamba kwa ile barabara yenye kona 57, na kabla hajaketi nilikwisha kumtambua kuwa ni mwenzetu, kwa kuwa alikuwa amevaa sare ya kitenge ambayo baadhi ya mashabiki walikuwa wamekubaliana kuishona kwa ajili ya siku hizo mbili. Tulisalimiana kwa “Kamwene” kama watu waliojuana siku nyingi. Aliniambia kwamba alikuwa amelia tangu siku ya tangazo, kwamba mume wake alimuuliza kama kuna mtu amefariki, na kwamba hakuwa na jibu la kumpa kwa sababu ndivyo alivyojisikia. Sikumwona kuwa ametia chumvi. Filamu ikiondolewa ukumbini huendelea kuwapo mahali fulani, lakini igizo la jukwaani huishi ndani ya miili ya watu fulani wanaokutana mahali fulani saa fulani, na wakiacha kukutana, hakuna kinachobaki cha kutazama.

Nilimweleza habari za The Phantom of the Opera, igizo la muziki lililotungwa na Andrew Lloyd Webber, ambalo lilifunguliwa katika ukumbi wa Majestic, New York, Januari 26, 1988, na kufungwa Aprili 16, 2023 baada ya maonyesho 13,981, idadi ambayo hakuna igizo jingine lililowahi kuifikia katika Broadway, yaani zile kumbi kubwa za maigizo za New York. Mwaka 2022 wenye igizo walipotangaza kwamba lingefungwa Februari ya mwaka uliofuata, watu walizikimbilia tiketi kwa wingi kiasi kwamba siku ya kufunga ilisogezwa mbele hadi Aprili. Wale waliokuwa wakisema kwa miaka kwamba wataenda mwakani walikuwa wamegundua kwamba mwakani haitakuwapo. Nilimweleza pia kwamba onyesho la mwisho lilitolewa kwa kumkumbuka Nicholas, mwana wa mtunzi, aliyekuwa amefariki wiki chache tu kabla. Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Kumbe na wao waliaga wakiwa na msiba.” Akaniuliza kama mashabiki wa huko nao walishona sare. Nilimjibu kwamba wengi walikuja wamevaa mavazi kama ya wahusika wa igizo, wengine na vinyago usoni, naye akaridhika kwamba si sisi peke yetu.

Njia kutoka Igawa hadi Makambako niliimaliza nikiwa nimesinzia. Makambako tuliamshwa na kelele za wauza mahindi ya kuchemsha dirishani, na hapo alipanda mzee mmoja mrefu, mwenye koti la sufu na kofia, ambaye kila shabiki wa igizo lile anamfahamu kwa sura. Katika ujana wake alikuwa kibarua wa ujenzi wa reli. Wakati kundi lilipokuwa likitunga igizo, yeye na wenzake wachache waliobaki ndio waliowaimbia nyimbo za kazi ambazo watunzi walizichukua na kuzipangia sauti nne.

“Shikamoo mzee,” mwalimu alimwamkia.

“Marahaba, wanangu. Mnakwenda kuzika?”

“Tunakwenda kuaga, mzee.”

“Ni hilo hilo,” alisema, akaketi.

Mafinga ilitupokea kwa upepo mkali na harufu ya mbao zilizopasuliwa karibuni, kama ilivyo kawaida ya mji unaoishi kwa misitu ya Sao Hill. Ukumbi ulikuwa umejaa lakini haukufurika, na waliokuja walikuwa mchanganyiko wa mashabiki wa zamani na watu wa mji waliokuja kutazama tu. Jukwaani palikuwa na pazia la khaki, ngoma, gitaa mbili, kinanda, na kipande cha reli kilichoning’inizwa kwa mnyororo kwenye mti wa mbao, kama kile ambacho shule zetu nyingi hukigonga badala ya kengele. Kipande hicho ndicho kilichokuwa chombo kikuu cha muziki wote. Kiligongwa kwa nyundo ndogo kuashiria alfajiri ya kazi, kiligongwa kwa kasi katika wimbo wa kutandaza mataruma, na katika onyesho la handaki kuporomoka hakikugongwa kabisa.

Nimelitazama onyesho hilo la handaki mara nyingi, lakini sikuwahi kuliona likichezwa kama lilivyochezwa Mafinga. Binti anafika mlangoni mwa handaki na chungu cha chakula, anaita jina la kijana, na badala ya kujibiwa anausikia wimbo wa kazi ukiimbwa kutoka ndani kwa sauti chache kuliko ilivyokuwa jana. Sauti ya nne haipo. Mtazamaji haambiwi nani amekufa. Anatakiwa aihesabu mwenyewe ile kwaya na kugundua pengo. Mwimbaji mkuu, ambaye ndiye aliyeigiza binti huyo, alisimama pale bila kuusogeza hata mkono, na alipoanza kuimba sehemu ile ya sauti iliyokosekana, ukumbi mzima ulikuwa umeshika pumzi. Hakuna aliyepiga kigelegele, na hakuna aliyekwenda kutunza. Mzee wa Makambako, aliyekuwa ameketi mbele yangu, alivua kofia. Katika ujenzi ule walikufa Watanzania na Wazambia, na walikufa Wachina zaidi ya 60, ambao wengi wao wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam, mbali sana na kwao. Igizo halikutaja idadi yoyote, wala halikuhitaji kuitaja.

Ninaandika kwa uhakika kwamba lile la Mafinga ndilo lilikuwa onyesho bora, na kwamba anayetaka kuliona igizo lenyewe katika ukamilifu wake asisubiri siku ya mwisho, bali aende kwenye onyesho linalotangulia la mwisho. Hapo waigizaji wanajua kwamba muda umekwisha na kwa hiyo hawaachi kitu, lakini watazamaji bado wanawaruhusu wafanye kazi yao. Siku ya mwisho ni mali ya mashabiki. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu, maana nami nilikuwa mmoja wao, na nilichokiona Iringa kilikuwa na thamani yake. Hata hivyo, kilikuwa kitu kingine.

Tulifika Iringa Jumapili kabla ya adhuhuri. Kutoka stendi ya Igumbilo tulipanda daladala iliyotupeleka juu mlimani hadi mjini, na njia nzima kitenge chetu kilikuwa kikiongezeka kila kituo. Nje ya ukumbi watu walikuwa wamepanga foleni saa tatu kabla ya mlango kufunguliwa. Walikuwapo akina mama waliotoka Kalenga na Ilula, wanafunzi wa vyuo, na familia moja iliyosafiri kutoka Songea na watoto wake wote. Kijana mmoja alikuwa na daftari alimoandika tarehe na mahali pa kila onyesho alilohudhuria, na watu walikuwa wakilipitisha mkono kwa mkono, kila mmoja akitafuta humo siku yake. Wengine waliimba kwenye foleni, wakagawana sauti bila mtu kuwapangia.

Taa zilipozimwa, kipande cha reli kiligongwa mara moja tu, na ukumbi ukajibu kwa kelele iliyodumu kiasi kwamba waigizaji walilazimika kuanza upya. Kuanzia hapo hatukuwaacha. Kila mhusika alipoingia alishangiliwa kama bwana harusi, na kila wimbo ulipofika kwenye kiitikio ulichukuliwa na watazamaji. Fundi wa Kichina alipokosea kwa makusudi neno la Kiswahili, jambo ambalo kila shabiki alilijua, mamia ya watu walimsahihisha kwa pamoja, naye akashindwa kujizuia, akacheka, kisha akageuka nyuma kufuta macho. Watu walikwenda kutunza kwa mstari usiokatika, hadi noti zikawa zinaanguka chini ya miguu ya wapiga ngoma. Katika wimbo wa mataruma, mwalimu wa Matamba alisimama juu ya benchi, akaimba mstari mzima kwa sauti yake ya kwanza iliyo safi, na binti jukwaani akamwelekezea mkono kama anayempa nafasi.

Lakini lilipofika onyesho la handaki, ile sauti iliyokosekana iliimbwa na ukumbi. Walikuwa na nia njema. Hawakuweza kuvumilia pengo lile kwa mara ya mwisho, nao wakalijaza. Mwimbaji mkuu alisimama na chungu chake mkononi akisikiliza watu wakiimba sehemu yake, kisha akaketi chini, mahali ambapo hajawahi kuketi, akatuacha tuumalize wimbo. Iliniuma, kwa sababu maana yote ya onyesho lile ilikuwa katika kukosekana kwa sauti ile. Nilimtazama mzee wa Makambako nikidhani nitaona uso uliokasirika, nikakuta naye anaimba.

Baada ya pazia kufungwa hakuna aliyetaka kuondoka. Waigizaji walitoka wakiwa bado katika maleba yao, wakakumbatiwa, wakapigwa picha, na nje ya ukumbi mjadala ukaanza ambao uliendelea hadi usiku. Wapo waliosema igizo lisichezwe tena na kundi jingine lolote, kwa kuwa hakuna binti mwingine wala fundi mwingine. Wapo waliotaka shule zipewe nyimbo zote. Mimi nilikuwa upande wa pili, na nilitoa mfano wa The Fantasticks, igizo dogo la muziki lililochezwa New York katika ukumbi mdogo kuanzia mwaka 1960 hadi mwaka 2002, maonyesho 17,162, huku waigizaji wakibadilishwa kizazi baada ya kizazi, na shule na vikundi vya mitaa vikilicheza kwingineko wakati huo huo. Kijana mwenye daftari alinijibu kwamba igizo lile lilikuwa limeandikwa, lakini letu halikuwahi kuandikwa lote, kwa kuwa watunzi walibadilisha nyimbo kila msimu. Hoja yake ilikuwa nzito, na sikuwa na la kumjibu usiku ule.

Jumatatu asubuhi tulirudi, mwalimu, mzee na mimi, katika basi moja. Tulipokuwa tunaikaribia Ifunda, mwalimu alitoa karatasi akaanza kuandika maneno ya wimbo wa mataruma kwa ajili ya kwaya ya shule yake, akaniomba nimkumbushe sauti ya tatu. Tulishindana juu ya ubeti wa pili. Yeye aliukumbuka ulivyoimbwa Njombe, mimi nikaukumbuka ulivyoimbwa Mbeya, na hatimaye tukamgeukia mzee atuamue. Alitusikiliza mmoja mmoja, akasema wote tumekosea, kisha akauimba jinsi walivyouimba kambini, beti mbili tulizozijua na nyingine ambazo igizo halikuwahi kuwa nazo, moja kwa kila kazi: ya kubeba kokoto, ya kuchimba, ya kusubiri mshahara. Mwalimu aliandika hadi karatasi zikamwishia, akaendelea nyuma ya tiketi yake na ya kwangu. Tulipofika Makambako mzee alikuwa bado hajafika mwisho, na mwalimu akachukua mkoba wake, akashuka pamoja naye, akisema gari la Chimala halitakosekana hata jioni.