Nilivyopata kupunguziwa ada ya nyumba ya uani

Kila niliyemuuliza jinsi ya kuufanya mji upunguze ada ya ujenzi alinipa ushauri uleule: "Nenda kwenye kikao cha madiwani, simama, waeleze." Mafundi wenzangu wa hapa kusini mwa Seattle bado wanaambiwa hivyohivyo, na inaniudhi.

Mteja wangu alitaka kumjengea mama yake nyumba ya uani, futi za mraba 600. Mji ukaitoza ada za barabara, shule na bustani sawasawa na nyumba ya futi 2,400. Sheria ya jimbo la Washington ya 1990 inairuhusu miji kutoza ada hizo, kwa hiyo ubishi ulikuwa juu ya kiasi tu. Nikavaa koti, nikabeba michoro, nikangoja mpaka usiku. Unapewa dakika tatu. Pale mbele kuna taa: kijani, njano, nyekundu. Nyekundu iliwaka ndiyo kwanza naingia kwenye hesabu. Mwenyekiti akasema asante, akaita jina linalofuata. Diwani mmoja hakuinua hata macho.

Nilipozipekua nyaraka za kikao ndipo nikaelewa. Maofisa wa mji walikuwa wameshaandika rasimu ya kanuni za ada miezi mingi nyuma, na barua ya chama cha wajenzi imeambatishwa humo. Mambo yalikwisha kabla hata kipaza sauti hakijawashwa.

Nikajiunga na chama cha wajenzi cha eneo letu. Ada ya mwaka inauma, lakini ukilipa mara moja unakuwa mwanachama wa ngazi tatu: hapa, jimboni (BIAW) na taifani (NAHB, kilichoanzishwa 1942). Wana mtu ambaye kazi yake ni kusoma rasimu za kila mji na kuwapigia simu maofisa wangali wanaandika. Huyu aliniambia habari ya mama wa mteja niiache, nilete ankara za ada. Tukaziweka mbili kwenye ukurasa mmoja, ya nyumba kubwa na ya uani, tukagawa kwa futi: ndogo inalipa mara nne! Ukurasa ule ulifanya kazi kuliko maneno yangu yote.

Mwaka 2023 mswada wa nyumba za uani, HB 1337, ulikuwa kwenye bunge la jimbo, Olympia. Wengi hawajui kwamba unaweza kujiandikisha mtandaoni kuwa unaunga mkono au unapinga bila kusema neno, ilimradi uwahi saa moja kabla kikao cha kamati hakijaanza. Nikausambaza ule ukurasa wa kujiandikisha kwenye WhatsApp ya mafundi, nikawasumbua mmoja mmoja mpaka wakajaza. Wajenzi hawakuwa peke yao, AARP, chama cha wazee, nao walikuwemo. Mswada ukapita: miji iruhusu nyumba mbili za ziada kwa kiwanja, na ada isizidi nusu ya ile ya nyumba kuu.

Miji ya kaunti yetu, King County, ilipewa mpaka katikati ya 2025 kuitekeleza, na wetu ukavuta mpaka mwisho. Mteja alivumilia, akalipa nusu. Maelfu ya dola yalibaki mfukoni mwake, akaongeza bafu pana linaloingia kiti cha magurudumu.

Ila usikifuate chama kama kipofu. Kinatetea faida ya wajenzi kwanza, na anayepanga nyumba hana kiti mle. Mwaka 2024 BIAW iliongoza kampeni ya I-2066, pendekezo la sheria lililopigiwa kura na wananchi, la kulinda gesi majumbani. Wapiga kura wakaipitisha, na Machi 2025 jaji wa King County akaibatilisha. Mimi nilipiga kura ya hapana, maana nafunga pampu za joto, zinazopasha nyumba kwa umeme badala ya gesi, na naona bili za wateja wangu. Hakuna aliyenifukuza chamani.

Na kama mji wako unarekebisha kanuni zake, iandikie leo idara ya mipango ikuweke kwenye orodha ya wanaotumiwa rasimu za awali. Ni bure.