Mashabiki wetu walikuwa ziwani

Usiku ule tulipiga mbele ya watu kumi na mmoja, na wawili kati yao walikuwa walinzi wa ukumbi. Ilikuwa mwaka 2019, Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini. Kiingilio kilikuwa shilingi 2,000, kwa hiyo mlangoni tulikusanya 18,000. Ukumbi tulikuwa tumeulipia 80,000, mafuta ya jenereta 30,000, na bodaboda watatu waliobeba spika walikuwa nje wanasubiri chao. Nikatoa hela ya kodi ya chumba changu nikawalipa. Mpiga dramu wetu, kijana niliyemfundisha mwenyewe kushika fimbo, alizifunga fimbo zake kwa kitambaa akaziweka mezani mbele yangu. "Kaka, mimi naomba nipumzike." Sikuwa na la kumjibu. Wiki iliyofuata mpiga besi naye akaacha kupokea simu.

Bendi yenyewe ni ya roki, tena roki ngumu. Nimeulizwa mara nyingi imewezaje kuishi katika mji wa dansi na Bongo Fleva, na jibu langu linaanzia usiku ule, maana kabla ya kuishi ilikufa kwanza.

Roki niliipata kwa mjomba. Alikuwa anasafiri na MV Liemba mpaka Mpulungu, Zambia, akipeleka mawese na dagaa, akirudi na vitenge na kanda za muziki. Majirani zetu Ujiji walikuwa wakisikiliza dansi la Kongo. Mimi nikijifungia na kanda za mjomba, na iliyonishika kuliko zote ilikuwa ya bendi ya WITCH. Hao ni vijana wa Kitwe, Zambia, kwenye miji ya migodi ya shaba, walioanza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwimbaji wao Emmanuel Chanda alikuwa akiitwa Jagari, yaani Mick Jagger, yule mwimbaji wa Rolling Stones ya Uingereza, aliyepita kwenye ulimi wa Kiafrika. Gitaa lao lilikuwa linanguruma kama injini iliyotolewa ekzosi. Kwa miaka mingi niliamini kwamba roki ni muziki wa Zambia, kama dansi lilivyo la Kongo. Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kuwasikia Black Sabbath na Deep Purple wa Uingereza, na hata leo sikio langu bado linaanzia Kitwe.

Shida yetu ya kwanza tulipoanza, mwaka 2014, ilikuwa sauti. Nilipata gitaa la umeme la mkono wa pili na ampli ya kuazima, lakini kila nikipiga linatoka safi, tamu, gitaa la dansi kabisa. Roki ngumu inataka sauti iliyopasuka. Pedali ya dukani, kile kidude cha kukanyaga kinachopasua sauti ya gitaa, ilikuwa inazidi kipato changu cha miezi miwili. Nikaenda kwa fundi redio mmoja wa Mwanga, mzee wa makamo, nikampa kanda asikilize. Alifumba macho wimbo mzima. Ulipoisha akasema, "Mwanangu, hii sauti imekatwa vichwa."

Akanichorea kwenye karatasi ya sigara. Sauti ya gitaa inapanda na kushuka kama vilima. Ukiikuza kupita uwezo wa transista, vilima havina pa kupanda tena, vinakatwa juu vikawa bapa. Kule kukatwa ndiko kunakounguruma. Alifungua redio iliyokufa akang'oa transista mbili, akachagua vipingamkondo vichache kwenye kopo la vyuma vyake, akaweka kitufe cha kuzungusha cha kupunguza na kuongeza, betri ya volti 9, na vyote akavifunga ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mimi nilishika tochi, yeye analehemu. Moshi wa lehemu uliniingia machoni nikawa siwezi kufuta kwa sababu nikisogeza tochi anafoka. Tulipounganisha gitaa nikapiga uzi mmoja tu, ule mnene wa juu. Mkewe alitoka jikoni akiuliza nini kimeungua.

Kopo hilo ninalo mpaka leo. Limeota kutu kwenye kifuniko na nimeshabadilisha waya zake mara tatu, lakini transista ni zile zile.

Miaka minne ya mwanzo tulipanda vizuri. Watu walikuja kwa kushangaa, na waliobaki walibaki kwa kupenda. Tulipiga Ujiji, Mwandiga, mara moja Kasulu. Tuliimba Kiswahili tangu siku ya kwanza. Wapo waliotuambia tunapiga muziki wa mashetani, na mama yangu aliumia kusikia hivyo msibani, mbele za watu. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyewahi kucheza sana enzi za bendi ya dansi ya Tabora Jazz, yeye alikuja na lake: "Kijana, magitaa ya huku magharibi yanaimba. La kwenu linagomba tu." Maneno hayo niliyachukua kwa uzito. Nilikaa miezi kadhaa nikijifunza vidole vya wapiga solo wa dansi, na nyimbo zetu zilizopendwa zaidi ni zile zilizotungwa baada ya hapo, solo ikiimba juu ya besi inayonguruma.

Halafu mambo yakaanza kugeuka. Mji wetu wakati huo ulikuwa bado unategemea majenereta ya dizeli, na jioni nyumba zote zikiwasha taa na pasi, umeme unanywea. Ampli inakoroma, stabilaiza inagonga tak, tak, mpaka inazima. Tukawa tunakodi jenereta, na jenereta ikala faida yote. Promota mmoja alitupeleka mji mwingine, tukapiga mpaka saa nane usiku, asubuhi tukamkuta ameondoka na hela zote. Tulirudi Kigoma kwa nauli ya kuchangiwa na abiria. Wazazi wa mabinti wakakataa watoto wao kutoka usiku. Kila shoo ikawa na watu wachache kuliko iliyotangulia, mpaka tukafika kwenye wale kumi na mmoja.

Baada ya bendi kuvunjika nilirudi kwenye kazi yangu ya kila siku, ufundi wa injini za mitumbwi mwalo wa Kibirizi. Siku moja, ilikuwa saa mbili asubuhi, kijana mmoja mvuvi aliniletea injini imezimika usiku katikati ya ziwa. Nikiwa nafungua kabureta, akaniambia, "Kaka, ile bendi yenu mnapiga lini mchana? Kila mkipiga mimi niko majini."

Nikaiweka spana chini.

Nieleze kwa asiyeijua Kigoma. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku, kwa taa. Mitumbwi inatoka jioni jua likielekea kuzama, na usiku ukitazama ziwa kutoka mlimani unaona taa zimejipanga kama mji mwingine. Asubuhi wanarudi, wanauza, wanalala. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazifui dafu, dagaa hawakusanyiki, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika siku hizo. Wakati wa giza ndipo wana hela, na wakati huo huo ndipo usiku hawapo nchi kavu. Sisi tulikuwa tunapiga Jumamosi usiku, giza na mbalamwezi bila kutofautisha, tukijiuliza vijana wenye nguvu na hela zao mfukoni wameenda wapi. Walikuwa wanatuangalia kutoka ziwani, kama si kutusikia.

Siku hiyo hiyo nilikumbuka habari ya WITCH. Katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba ilianguka, na Zambia nzima ikayumba kwa sababu nchi ilikuwa inakula shaba. Vita vya kupigania uhuru wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, vilikuwa mpakani, usiku kukawa na amri ya kutotembea na umeme kuzimwa. Bendi zile zilizokuwa zikikesha zikaanza kupiga mchana. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza niliwahurumia. Sasa, mikono imejaa oili, nikaiona kama kazi ninayoweza kuifanya kesho.

Nilimtafuta mpiga dramu. Kumbe naye alikuwa ameingia ziwani, anavuta wavu kwenye mtumbwi wa shemeji yake! Viganja vyake vilikuwa vimekuwa vigumu kama ngozi ya ngoma. Nikamwambia sitaki usiku wako, nataka saa tisa mpaka saa kumi na moja na nusu, Jumamosi. Alicheka kwanza. Kisha akauliza kama dramu bado ziko kwa mama yake mpiga besi. Zilikuwepo, zimefunikwa kanga.

Kupiga mchana kuna adha zake, na nyingine sikuzitegemea. Jua la Kibirizi linalegeza nyuzi. Unatyuni gitaa, ukifika ubeti wa pili limeshashuka. Ilibidi tununue turubai, na gitaa likae kivulini nusu saa kabla ya kupiga, halafu lityuniwe hapo hapo kivulini. Lakini adha kubwa ilikuwa dagaa wenyewe. Wanaanikwa ufukweni, na kina mama waanikaji walitukalia kooni siku ya kwanza tu. Nilimfuata kiongozi wao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, kelele zenu mimi hazinisumbui, masikio yangu yamezoea injini. Lakini mkipiga watu wanaruka, wakiruka mchanga unapanda kwenye dagaa zangu. Nani atanunua dagaa za mchanga?"

Alikuwa na haki. Tukakubaliana tusianze mpaka wawe wameanua, na sisi wenyewe tuwahi kuwasaidia kuanua. Kwa hiyo kabla ya kila shoo, saa nane na nusu, bendi nzima ya roki ilikuwa imeinama inakusanya dagaa kwenye karai. Saa tisa na robo mama anainua mkono, tunaanza. Sijawahi kupata ruhusa ya ukumbi niliyoiheshimu kama ile.

Kiingilio tulishusha kikawa 1,000, anayekusanya ni mpwa wa huyo mama, na daftari la mapato linasomwa mbele ya wote shoo ikiisha. Hilo la daftari lilikuwa sharti la mpiga besi kabla ya kurudi, na namshukuru. Ratiba tukaipanga kwa mwezi wa angani: wakati wa giza tunapiga mchana, wakati wa mbalamwezi tunapiga jioni kwa sababu wavuvi wako nyumbani. Shoo ya kwanza walikuja kama sabini. Ya nne sikuweza kuhesabu. Umeme nao mchana ulikuwa unatosha, ampli haikukoroma hata mara moja.

Ningependa kusema kwamba tangu hapo tuliendelea bila shida, lakini mwaka 2024 uvuvi ukafungwa Ziwa Tanganyika, tangu Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Sina neno na sababu yake. Kila mvuvi mkweli anajua samaki walikuwa wamepungua. Ila Kibirizi ilinyamaza. Hakuna injini ya kutengeneza, hakuna dagaa wa kuanika, hakuna 1,000. Ndipo nilipowaelewa WITCH mpaka kwenye mifupa: wasikilizaji wako wakikosa kipato, nawe umekosa. Wao baada ya shaba kuanguka walikuja kupigwa na UKIMWI, wenzake Jagari wengi wakafariki, yeye akaingia kuchimba vito. Alirudi jukwaani mzee, na mwaka 2023 bendi ikatoa albamu mpya. Picha yake akiimba na mvi zake niliiweka kwenye simu yangu miezi yote ile mitatu.

Tuliamua tusisimame. Tulipiga bure kila Jumamosi Ujiji, nyumbani kwa mama yake mpiga besi, chini ya mwembe. Niliuza ampli ndogo ili tuwe na nauli na unga. Wavuvi walikuja na familia zao, wakakaa, wengine bila kusema neno. Pale ndipo tulipotunga wimbo wa taa za ziwani, polepole kuliko nyimbo zetu zote, na gitaa halingurumi mpaka ubeti wa mwisho.

Ziwa lilipofunguliwa mbalamwezi ilikuwa karibu kujaa, kwa hiyo neema haikuonekana mara moja. Tulisubiri giza. Jumamosi ya Agosti 31 tulianua dagaa tukiwa na watu zaidi ya thelathini waliojitolea kutusaidia, karai zikajaa kabla ya saa nane na nusu. Mama aliinua mkono mapema. Tulipiga nyimbo tisa, na wa mwisho ukawa wa taa za ziwani. Nilipokanyaga kopo la fundi, ubeti wa mwisho, injini ya kwanza iliwaka ufukweni, ikafuata ya pili. Wavuvi walianza kutoka mmoja mmoja, wakipunga mikono, wakipanda kwenye mitumbwi tukiwa bado tunapiga. Mpiga dramu alinitazama, akageuka kumtazama shemeji yake aliyekuwa anamsubiri majini, akapiga mizunguko minne mingine kwa nguvu zote. Kisha akaweka fimbo juu ya kiti, akavua viatu, akakimbia.

Fimbo nilizifunga mimi kwenye kitambaa chake. Jumamosi iliyofuata nilimrudishia.