Alfajiri ya Nyavu Huko Ngulia

Kati ya Novemba na Desemba, katika usiku usio na mwezi ambao ukungu hufunika vilima vya Ngulia, Tsavo Magharibi, ndege wahamiaji watokao Ulaya na Asia huvutwa na taa za hoteli iliyopo kilimani, na ni hapo watafiti wamekuwa wakiwanasa na kuwavisha pete za utambulisho mguuni tangu mwaka 1969.

Nyavu ni za nyuzi nyembamba nyeusi, na huachwa zikilegea kidogo ili ndege atumbukie katika mkunjo wa wavu bila kuumia. Kumnasua ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kwa kuwa ni lazima kwanza utambue upande alioingilia, kisha utoe miguu, mabawa na hatimaye kichwa, na vidole vyenye haraka havifai kabisa. Baada ya hapo hutiwa katika mfuko wa kitambaa, akavishwa pete yenye namba, akapimwa bawa na uzito.

Picha ninayoithamini zaidi ni ya bawa lililokunjuliwa, kwani manyoya mapya yakionekana kando ya makuukuu husaidia kukadiria umri. Hata hivyo, ndege akianza kuhema kwa mdomo wazi ninaweka kamera chini, naye anaachiwa papo hapo, kwa sababu kiumbe mwenye gramu 12 hivi, ambaye bado ana safari ndefu ya kuelekea kusini, hana nguvu za kupoteza mikononi mwetu.