Kuwachunguza wanaoishi na mgonjwa wa kifua kikuu: ninavyofanya

Kazi hii huharibikia kwenye orodha, kabla hata kikopo cha makohozi hakijatoka kwenye boksi. Mwulize mgonjwa "unaishi na nani?", atakutajia mke na watoto basi. Kwenye nyumba za kupanga za Dar es Salaam, ambako vyumba kadhaa vinatazamana kwenye korido moja, jibu hilo linaacha nje watu wengi. Mimi huuliza kwa usiku na mchana: miezi mitatu kabla hujaanza dawa, nani alilala chumbani kwako, hata usiku mmoja? Mchana ulishinda na nani, dukani, kwa fundi, kijiweni? Hapo ndipo anapotajwa mdogo mtu aliyekwisha kurudi kijijini, au mtoto wa jirani anayeshinda kwa bibi.

Orodha naiandika siku anapoanza dawa, akiwa bado kituoni, na nyumbani nafika ndani ya wiki moja. Kwanza namwomba ruhusa, na tunakubaliana nijitambulisheje mlangoni. Ukifika na sare bila kuelewana naye, siri yake imekwisha toka, na safari ya pili mlango hautafunguliwa.

Kwa aliyeishi na mgonjwa sisubiri kikohozi kitimize wiki mbili. Kikohozi cha muda wowote, homa, jasho la usiku, kupungua uzito: moja tu latosha kupima. Mtoto anahitaji jicho zaidi. Naomba kadi ya kliniki nitazame mstari wa uzito; ukiwa umelala au unashuka, au mama akisema hachezi kama zamani, aonwe na daktari hata kama hakohoi. Kovu la chanjo ya BCG halimtoi kwenye orodha. Chanjo hiyo humkinga mtoto mdogo na TB kali, kama ile ya utando wa ubongo, lakini haizuii kila maambukizi.

Sampuli nyingi mbovu ni mate. Asukutue kwa maji, asimame nje penye hewa, avute pumzi ndefu mara mbili, kisha akohoe kutoka kifuani. GeneXpert, mashine ya maabara inayopima TB, inataka angalau mililita 1. Mimi naomba 3. Jina naliandika kwenye kikopo chenyewe, kamwe si kwenye kifuniko, kwa kuwa vifuniko hubadilishana maabara. Mtoto asiyeweza kutoa makohozi anaweza kupimwa choo kwa mashine hiyo hiyo.

Asiye na dalili ndiye anayesahaulika, naye ndiye wa dawa kinga, hasa mtoto chini ya miaka 5 na mwenye VVU. Lakini TB iondolewe shaka kwanza: dawa kinga kwa ambaye tayari anaugua ni tiba nusu, na tiba nusu huzaa usugu wa dawa. Mtu mzima anayepewa 3HP, aina mojawapo ya dawa kinga, humeza isoniazidi miligramu 900 na rifapentini miligramu 900 mara moja kwa wiki, wiki 12. Tunachagua siku asiyoweza kuisahau, Ijumaa au Jumapili. Namwambia mapema kwamba mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, la sivyo ataacha dawa baada ya dozi ya kwanza tu. Mwanamke anayetumia vidonge au sindano ya uzazi wa mpango aongeze kondomu, maana rifapentini huvipunguza nguvu. Macho yakiwa ya njano au akitapika mfululizo, aache dawa na aje siku hiyo hiyo. Mgonjwa akiwa na TB sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya kutibu TB, dawa hizi siwapi watu wake. Nawapeleka kwa mratibu wa TB wa wilaya.

Miadi ya wanakaya naifunga na ya mgonjwa: anapoleta makohozi mwezi wa 2, wa 5 na wa 6, nawauliza dalili upya. Akishapona naendelea kila miezi sita hadi miaka 2 itimie, kwa sababu wengi wanaougua baada ya kuambukizwa huugua ndani ya kipindi hicho. Wapangaji huhama, hivyo kwa kila mtu naandika namba mbili za simu, moja ya ndugu asiyehama. Anayeondoka katikati ya dozi anapewa barua na vidonge vya kumfikisha, nami napigia kituo cha huko kabla hajapanda basi.